Upanga wa Nuru na Pigo Lisilo na Jina

Mwaka 1977 Mmarekani George Lucas alipotoa filamu yake ya Star Wars, alitia katikati ya merikebu za anga na bunduki za miale silaha moja ya kizamani kabisa: upanga. Lakini upanga huu hauna chuma. Ni mpini mtupu uning'iniao kiunoni. Mwenyewe akiubonyeza, huchomoza mwale wa nuru wenye urefu wa kitara, wa buluu, wa kijani au mwekundu, ukivuma mfano wa nyuki mzingani. Wanaoutumia ni Majedi, walio mithili ya watawa wapiganaji, pamoja na mahasimu wao Masithi. Katika muda wa miaka ishirini na mitano iliyofuata, upanga huo ulizaa sanaa nzima ya mapigano yenye mitindo saba, kila mtindo na jina lake, nasaba yake na mabingwa wake, na yote hayo ya kubuni. Nataka kuitazama sanaa hiyo kama sisi wapenzi wa tungo tunavyozitazama bahari za ushairi: zilivyozaliwa, kazi zifanyazo, na kile kinachoziponyoka.

Najua wapo watakaouliza mambo ya sinema ya Kimarekani yanatafuta nini katika kurasa hizi. Jibu langu ni kwamba mapigano ya panga yaliyobuniwa si mageni kwetu. Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, aliwapa wasikilizaji wake mapambano ya mashujaa upanga kwa upanga, ilhali wanahistoria wanatwambia kwamba jeshi la Waislamu lililofika Tabuki mwaka 630 lilirejea bila ya kupigana na Warumi. Hakuna aliyemlaumu mshairi kwa hilo. Na katika kirumbizi, kinachochezwa Lamu na Pemba, watu wawili huingia uwanjani na fimbo zao, ngoma ikiwaongoza, nao hupigana kwa namna ambayo mtazamaji hutambua mara moja nani mjuzi na nani anarusharusha fimbo tu. Mwenye jicho la kirumbizi ana haki ya kusema neno juu ya upanga wa nuru.

Pambano la kwanza kabisa la panga hizo ni la filamu ile ile ya 1977, baina ya mzee Obi-Wan Kenobi na aliyekuwa mwanafunzi wake, Darth Vader. Ukilitazama baada ya yote yaliyokuja nyuma yake, utaliona dogo. Wanazungukana kwa hadhari, wanagusanisha panga, wanarudi nyuma, wanasemezana. Sababu zake ni za ufundi zaidi kuliko za falsafa. Alec Guinness, aliyeigiza Kenobi, alikuwa amevuka miaka sitini. David Prowse, aliyekuwa ndani ya vazi la Vader, alifunikwa uso mzima kwa kinyago. Panga zenyewe zilikuwa vijiti vilivyopakwa kitu cha kuakisi taa na kuzungushwa na mota, navyo vilivunjika upesi vikigongana kwa nguvu. Nuru tunayoiona ilichorwa baadaye juu ya picha, moja baada ya moja. Hata mpini wa kijana Luke Skywalker ulitokana na kishikio cha taa ya kamera kuukuu aina ya Graflex, ambacho mpambaji wa mandhari, Roger Christian, alikipata katika duka la vifaa vya picha mjini London. Kwa hiyo ule utulivu ambao wapenzi wa filamu waliusoma kuwa ni hekima ya wazee, asili yake ni miaka ya mwigizaji na wepesi wa kijiti kuvunjika. Silioni hilo kuwa ni kasoro. Mtunzi hutunga kwa pumzi aliyo nayo.

Kilichoupa upanga huo uhai ni sauti. Ben Burtt, fundi wa sauti za filamu hiyo, aliipata kwa kuchanganya mvumo wa mota ya mashine ya kuonyeshea sinema na mlio uliotokea kipaza sauti chake kilipopita karibu na televisheni. Kisha akaitoa sauti hiyo katika spika na kupunga kipaza sauti mbele yake, ndipo ikapanda na kushuka kana kwamba kuna kitu kinachopita hewani. Mtu akifumba macho anaweza kulifuata pambano kwa masikio peke yake: mvumo mrefu wa kungojea, mpasuko wa kugongana, kisha mvumo tena. Naiita hiyo mizani, na wala sisemi kwa mzaha.

Katika filamu mbili zilizofuata, The Empire Strikes Back ya 1980 na Return of the Jedi ya 1983, aliyevaa vazi la Vader wakati wa kupigana alikuwa Bob Anderson, Mwingereza aliyeshiriki mchezo wa vitara katika Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 na baadaye akawa mwalimu wa timu ya nchi yake. Mchango wake haukutangazwa, hata Mark Hamill, aliyeigiza Luke, alipoona si haki, akausema hadharani mwaka 1983. Pambano la 1980 ndilo, kwa maoni yangu, bora kuliko yote. Mwanzoni Vader anapigana kwa mkono mmoja, kama mtu mzima anayemjaribu mtoto. Kadiri Luke anavyokaza, ndivyo naye anavyoacha mzaha. Na Luke anapomjeruhi begani, jibu linakuja kwa ghadhabu, hadi mkono wa kijana unakatika pamoja na upanga alioachiwa na baba yake. Ndipo anapoambiwa baba huyo ni nani. Kila pigo hapo limesema jambo, na kila pigo limejibiwa. Wanaompenda Muyaka bin Haji wa Mombasa wanaelewa ninachokikusudia: beti zake za kulumbana hazionjeki vilivyo mpaka ujue alikuwa akimjibu nani, na huyo naye alikuwa amesema nini.

Lucas hakulificha deni lake kwa sinema za Kijapani, hasa The Hidden Fortress ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1958. Lakini kwa upande wa upanga, mimi naliona somo kubwa zaidi katika filamu nyingine ya Kurosawa, Seven Samurai ya 1954. Watu wawili wanapimana kwa fimbo. Mmoja anadai wametoka sare. Mwenziwe, Kyuzo, mtu mtulivu asiye na maneno mengi, anamwambia kwamba lau zingalikuwa panga za kweli, angalikuwa amekufa. Yule anahamaki, anataka panga za kweli, wanasimama tena vile vile, na anakufa. Pigo ni lile lile mara mbili. Mara ya kwanza ni kama swali, mara ya pili ni hukumu, na kati yake umesimama ukaidi wa binadamu mzima. Halihitaji kurushwa miguu hewani.

Miguu ilirushwa hewani mwaka 1999. Katika The Phantom Menace na filamu mbili zilizoifuata, mpangaji wa mapigano alikuwa Nick Gillard, na vijiti vilikuwa vimeimarika. Akaletwa Ray Park, bingwa wa wushu ya Kichina, kuigiza Darth Maul mwenye upanga wa ncha mbili, akipambana na Majedi wawili kwa mpigo. Kasi ilikuwa haijapata kuonekana. Juu ya pambano hilo kwaya inaimba kwa Kisanskriti maneno yaliyotokana na shairi la kale la Wales, Cad Goddeu, na mtunzi wa muziki, John Williams, alitaka lugha ile kwa mlio wake, wala hakutarajia mtazamaji aifahamu. Uchaguzi huo unafaa sana kulielezea pambano lenyewe. Nalo ni mlio mzuri ajabu katika lugha isiyofahamika, kwa maana hatujui watu hawa watatu wana nini baina yao. Maul hasemi lolote. Lakini katikati yake pana kitambo kimoja ambacho kingalitosha kuwa filamu kamili: milango ya nuru inafunga ghafla na kuwatenga. Qui-Gon, yule mkubwa wa Majedi wawili, anapiga magoti na kufumba macho. Maul anatembea huku na huko kama chui kizimbani, akiujaribu mlango kwa upanga wake. Kenobi, akiwa kijana, anangoja nyuma akihema. Hakuna anayempiga mtu, nasi kwa mara ya kwanza tunawajua wote watatu. Wenye kusoma mashairi kwa sauti wanajua kwamba kituo kinaweza kubeba kuliko mshororo.

Filamu ya tatu, Revenge of the Sith ya 2005, ilimaliza kwa pambano la rafiki wawili, Kenobi na Anakin, katika sayari ya moto. Waigizaji Ewan McGregor na Hayden Christensen walifanya mazoezi ya muda mrefu, na bidii yao inaonekana katika kila nukta. Hata hivyo, mna mahali ambapo wote wawili wanasimama ana kwa ana wakizungusha panga zao kwa kasi, pigo baada ya pigo, bila ya upanga mmoja kuelekea kwa mtu. Ni vina vitupu. Tumezisoma tungo za namna hiyo, ambazo kila mshororo umefungwa kwa ustadi na hakuna kilichofungwa ndani yake. Huzuni ya pambano lile haimo katika panga. Imo katika maneno machache ya mwisho, wakati mmoja yuko juu ya ukingo na mwingine anaungua chini.

Katikati ya filamu hizo ndipo ilipokuja sarufi. Mwaka 2002 jarida la Star Wars Insider lilichapisha makala ya David West Reynolds yaliyoieleza sanaa hii ya upanga kama elimu kamili. Shii-Cho ni mtindo wa msingi, wa kila mwanagenzi. Ataru ni wa kurukaruka, ndio wa mwalimu mkongwe Yoda. Shien na Djem So hugeuza ulinzi kuwa shambulio. Sitaipitia yote. Lakini Soresu, mtindo wa tatu, umebuniwa kwa akili inayostahili sifa: ulizuka, kwa mujibu wa hekaya, bunduki za miale zilipoenea, ikambidi mwenye upanga ajifunze kujikinga kwa mwendo mfupi ulio karibu na mwili, akingoja adui achoke. Hapa mbunifu amejiuliza swali la kweli: mtu atachukuaje upanga mbele ya bunduki? Na jibu lake limekuwa tabia ya mtu, kwani Kenobi, bingwa wa Soresu, ni mtu wa subira katika kila jambo.

Makashi, mtindo wa pili, nao una kisa chake. Ni mtindo wa upanga kwa upanga, wa kifundo cha mkono na hatua fupi, na bingwa wake ni Count Dooku. Aliyemwigiza, Christopher Lee, alizaliwa mwaka 1922. Attack of the Clones ilipotoka mwaka 2002 alikuwa anakaribia themanini, na mapigo mazito yalifanywa na mtu mwingine, kisha uso wa Lee ukabandikwa juu ya wake. Kwa mara nyingine miaka ya mwigizaji imegeuka kanuni ya sanaa. Kuhusu Niman, mtindo wa sita, nakiri nilicheka. Ni mtindo wa wastani, unaowafaa Majedi wenye kazi za usuluhishi, na tunaelezwa kwamba wengi waliouawa katika uwanja wa Geonosis, katika filamu hiyo hiyo, walikuwa wafuasi wake. Filamu ilihitaji maiti, na elimu ikawatafutia sababu ya kufa.

Wa saba ni Juyo, ambao kwa kalamu ya Matthew Stover katika riwaya Shatterpoint ya mwaka 2003 ulipata tawi liitwalo Vaapad, mtindo wa Mace Windu. Vaapad ni jina la mnyama mkali wa kubuni mwenye mikono mingi, iendayo kasi hata haihesabiki. Mwenye mtindo huo huiachia furaha ya vita imwingie moyoni, akaenda nayo mpaka ukingoni mwa giza, na ustadi wake wote ni kutoanguka. Kati ya mitindo saba, huu ndio wa pekee uliobuniwa na mwandishi aliyekuwa akimfikiria mtu kabla ya kufikiria mkono wake, na ndiyo maana unasomeka. Mwaka 2004 mchezo wa kompyuta Knights of the Old Republic II ukawawezesha wachezaji kuchagua mtindo kama mtu anavyochagua kofia. Mwaka 2014, baada ya Disney kuinunua kampuni ya Lucas, riwaya na michezo ya zamani ilitangazwa kuwa ni ngano tu, nje ya hadithi rasmi. Majina ya mitindo hayakufa kwa tangazo hilo.

Hapa namkumbuka Sheikh Amri Abedi. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954, zaidi ya karne moja baada ya Muyaka kufariki mwaka 1840. Muyaka hakumngoja mtu amhesabie mizani. Sheria zilitungwa kwa kutazama nyuma, kwa mapenzi makubwa na kwa faida kubwa, kwani mwanafunzi hupata jina la kukiita kile ambacho sikio lake limekwisha kukijua. Hasara huja polepole, watu wanapoanza kudhani kwamba kanuni ndiyo iliyotunga. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974 bila ya vina na mizani, wengi waliona inatosha kumwambia kwamba yale si mashairi, na hawakuona haja ya kumuuliza yanasema nini. Mimi sikio langu limelelewa na vina, na sikusudii kuufufua ugomvi ule. Nauliza tu orodha ya mitindo saba inaona nini na haioni nini.

Haioni mambo matatu yaliyo makubwa kuliko yote. Katika pambano la 1977, Kenobi anatupa jicho na kumwona Luke anatazama kwa mbali. Anatabasamu kidogo, anausimamisha upanga mbele ya uso wake, anafumba macho, na kuacha apigwe. Joho linaanguka chini likiwa tupu. Katika pambano la 1983, Luke anampiga baba yake kwa hasira mpaka anamkata mkono. Anautazama mkono ule uliokatika, wa chuma, anautazama wake mwenyewe, wa chuma vile vile, kisha anautupa upanga. Na katika The Last Jedi ya Rian Johnson, ya mwaka 2017, Luke akiwa mtu mzima anatoka peke yake kulikabili jeshi la mpwa wake katika sayari ambayo ardhi yake ni chumvi nyeupe juu ya udongo mwekundu. Kila hatua ya mpwa inafukua wekundu. Hatua za Luke haziachi alama. Anapinda, anainama, anapisha, na panga zao hazigusani hata mara moja, mpaka mpwa anamchoma na kukuta hakuna mtu: mwenyewe yuko mbali sana, amekaa juu ya jiwe kisiwani, akifanya kazi hiyo kwa moyo tu, na kazi hiyo ndiyo inayomuua.

Mtindo gani huo? Wapo waliojibidiisha kuuingiza katika orodha, na ninawahurumia. Mitindo saba inahesabu namna za kupiga na za kukinga. Mtu aliyeacha kupiga, huku upanga ungali mkononi mwake na nguvu ingalipo, hana safu ya kuandikwa.

Lakini itakuwa dhuluma kudai kwamba elimu ya mitindo haikuleta kheri yoyote, maana pambano fupi kuliko yote lisingalifahamika bila yake. Limo katika mfululizo wa katuni wa Star Wars Rebels, katika kipindi cha Twin Suns cha Machi 2017. Maul, sasa mzee, amemtafuta Kenobi, naye mzee, mpaka jangwani. Dave Filoni, aliyeusimamia mfululizo huo, alimrudia Kyuzo wa Kurosawa. Wanasimama kimya. Kenobi anashika upanga kwa mkao wake wa kujikinga, kisha anaubadilisha, polepole, mpaka mkao unakuwa ule wa Qui-Gon, mwalimu wake aliyeuawa na Maul huyo huyo. Maul anashambulia. Katika pigo la tatu anajaribu kumpiga usoni kwa mpini, hila ile ile aliyomuulia Qui-Gon. Kenobi alikuwa anaingojea; anaukata mpini na kifua pamoja. Kisha anampakata adui yake hadi anakata roho.

Asiyejua mitindo ataona wazee wawili na mapigo matatu. Ajuaye ataona mwanafunzi akinukuu kwa mwili wake mshororo wa marehemu mwalimu wake, ili muuaji aujibu kama alivyoujibu zamani. Washairi wetu huchukua mshororo wa mwingine wakajenga juu yake ubeti mpya, na msikilizaji aujuaye ule wa kwanza hupata ladha mara mbili. Arudhi ikifanya kazi namna hii, sina ugomvi nayo.

Siku hizi sanaa hii ina miili halisi. Shule ya LudoSport ilianza Milano mwaka 2006 na kuifundisha mitindo saba kwa fimbo zinazowaka taa. Nchini Ufaransa shirikisho la mchezo wa vitara lililitambua pambano la upanga wa nuru kuwa ni tawi rasmi la mchezo huo, habari iliyoenea duniani Februari 2019. Kanuni yake moja imenivutia: ili pigo lihesabiwe, ncha ya upanga ianzie nyuma ya mpiganaji. Katika vitara vya kawaida huo ungekuwa upumbavu, kwani anayerudisha ncha nyuma amejifungua kifua. Wafaransa wameutunga makusudi ili mapigo yawe mapana na yaonekane kama ya sinema. Wameuwekea mchezo sheria ya uzuri, kama kirumbizi, na nawapa heko. Pambano ni la dakika tatu au la pointi 15. Kichwa na kiwiliwili ni pointi 5, mikono na miguu 3, kiganja 1. Lau mmoja wao angeusimamisha upanga wake mbele ya uso, akafumba macho kama mzee Kenobi, mwamuzi angemwandikia mwenziwe 5, na pambano lingeendelea.